Mambo ya kujua kabla hujapewa kipaza sauti

Tangu Juni 2024 vikundi vya wananchi huku Pwani ya Kenya vimepata sura mpya. Vijana waliokuwa barabarani wakipinga Mswada wa Fedha, wakaona Bunge likivamiwa tarehe 25 na Rais akikataa kuutia mswada sahihi kesho yake, sasa wanakuja kwenye mikutano yetu ya wadi na kuuliza waanzie wapi. Nawaandikia nyinyi. Moyo mnao, na sauti mnayo kutushinda sisi wa zamani. Mnachokosa ni karatasi, na kazi hii yote, kuanzia bajeti ya wadi hadi hesabu ya kura za urais, humwendea vizuri aliye na karatasi mkononi.

Tuanze na mkutano wa ushirikishaji umma, maana ndiko mtakakopelekwa kwanza. Tangazo hutoka kwenye gazeti lisilofika kijijini, au hurushwa kwenye kundi la WhatsApp usiku wa kuamkia mkutano. Ukumbi ni ule wa kaunti ndogo, viti vya plastiki, soda na mkate mwishoni. Ofisa wa fedha anasoma majedwali ya Kiingereza saa nzima, kisha mwenye kuendesha mkutano anatangaza kwamba muda umetubana, kila mtu dakika mbili. Wazee wanashukuru kwa barabara, akina mama wanaomba maji, kijana mmoja anafoka kuhusu ufisadi na kupigiwa makofi. Mnapanda bodaboda, mnarudi zenu. Kilichobaki mezani ni daftari la mahudhurio lenye jina lako, nambari ya kitambulisho na sahihi yako, na daftari hilo ndilo litakaloambatanishwa kwenye ripoti kuonyesha kwamba wananchi walishirikishwa.

Usikatae kusaini, kwa sababu ukikataa ni kama hukufika. Saini, halafu kando ya jina lako andika kwa mkono: "Sikupewa nakala ya waraka." Wakiandika hivyo watu ishirini, ukurasa ule unageuka kuwa ushahidi wa upande wenu. Wageni wengi huona haya kufanya hivi mbele ya ofisa aliyewasalimia vizuri. Haya hiyo iacheni nyumbani. Unaweza kuandika hivyo na bado ukamwamkia kwa heshima zote. Hoja zako zipeleke kwa maandishi, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi nawe. Zile dakika mbili za kipaza sauti hakuna anayezinukuu popote.

Msidhani ni mambo ya kupoteza muda. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alieleza kwamba kaunti ina wajibu wa kuwafuata watu mahali walipo: misikitini, makanisani, mahekaluni, kwenye mabaraza, kwenye redio za lugha za wenyeji. Ile sheria ilihusu ada na ushuru wa kaunti, mambo ya sokoni kabisa, na ikaanguka. Kwa hiyo mkiambiwa "tulitangaza gazetini", mnayo hukumu ya kujibu nayo. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu bunge la kaunti kufanya shughuli zake hadharani, kile cha 201 kinadai uwazi na ushirikishaji katika fedha za umma, na cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mkiomba muhtasari wa bajeti kwa Kiswahili hamwombi fadhila.

Sasa kalenda, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko tunakopigwa chenga mwaka baada ya mwaka. Bajeti ya kaunti watu huisikia Juni, wakati imeshapikwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ule maofisa wanaouita ADP, hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha, unaogawa pesa kwa kila idara, hufika kabla ya 28 Februari. Makadirio yenyewe hufika kabla ya 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Maana yake ni kwamba zahanati isiyotajwa kwenye mpango wa Septemba ni vigumu mno kuichomeka Mei. Kila Mei namwona mtu amesimama kuomba zahanati, na kila Mei anajibiwa "tutalichukua hilo". Kikundi kinachotaka kitu kwenye bajeti kikae chini Julai na Agosti, msimu ambao hakuna kamera wala mwanasiasa, kikubaliane jambo moja au mawili, na barua iwe kwa idara kabla mpango haujafungwa. Mambo kumi na mawili kwenye barua moja ni sawa na kutoomba kitu. Februari mnarudi kuangalia kama limebaki, Aprili mnaangalia limepewa shilingi ngapi. Baada ya hapo kuna ripoti za kila miezi mitatu, za kaunti na za Msimamizi wa Bajeti, zinazoonyesha kilichotengwa na kilichotumika kweli. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo hoja bora ya barazani kuliko methali yoyote.

Karatasi haziji zenyewe. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imetoa meno kwa kifungu cha 35 cha Katiba, na ombi unaweza kuliandika kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika ana haki ya kulisema kwa mdomo, ofisa aliandike. Kuwasilisha ombi ni bure. Wanaweza kukutoza gharama ya kutoa nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea mara moja tu, zisizidi siku 14. Ikikaa kimya au ikikunyima, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, ile tume yenye kaulimbiu ya "Hata mnyonge ana haki". Huhitaji kueleza unazitakia nini. Utaulizwa, hata hivyo. Dada mmoja wa kikundi chetu aliulizwa na msimamizi wa wadi, kwa upole kabisa:

"Mama, hizi karatasi ni za nini tena?"

"Za kusoma, mwanangu."

Akaketi. Hakuongeza neno, wala hakuna sheria iliyomtaka aongeze.

Ombeni kitu mahususi. Barua inayosema "tunataka kujua pesa za wadi zilikwenda wapi" itajibiwa kwa mafumbo. Iandikeni hivi: tunaomba nakala ya mkataba, BQ, na vyeti vya malipo vya mradi fulani, mahali fulani, mwaka wa fedha fulani. BQ ni ile orodha ya vifaa na vipimo vya kazi, na mtu yeyote aliyewahi kujenga choo anaweza kuisoma akiwa na fundi pembeni.

Mfano ninaowapigia wageni ni wa nyumba ya muuguzi kwenye zahanati moja ya jirani. Mradi ulikuwa umekamilika kwenye ripoti, umepakwa rangi, umekatiwa utepe. BQ ilipopatikana, fundi wetu mmoja, mtu asiyependa mikutano hata kidogo, alipanda ngazi akaangalia chapa kwenye mabati. Karatasi ilisema geji 28, bati lilikuwa geji 30, ambalo ni jembamba zaidi. Kwa hewa hii ya chumvi haliwezi kudumu. Tangi lilitakiwa kuwa la lita 10,000, na lililosimama pale lilikuwa la 5,000, lita zimeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Madirisha yalitimia. Nawaambia hilo la madirisha makusudi: andikeni na yaliyo sawa, ili mkandarasi asipate nafasi ya kusema mlikuja na chuki. Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja na picha, ikasomwa kwenye baraza la chifu, mkandarasi mwenyewe akiwa amealikwa kwa barua. Tangi lilibadilishwa. Mabati hayajabadilishwa hadi leo, na bado tunaandika.

Mbinu hii hatukuibuni sisi. Rajasthan, India, wakulima na vibarua wa chama kiitwacho MKSS walianza katikati ya miaka ya 1990 kusoma hadharani orodha za malipo ya serikali mbele ya watu ambao majina yao yalikuwa humo, wengine wakisikia kwa mara ya kwanza kwamba walilipwa. Vuguvugu lao lilichangia kuzaliwa kwa sheria ya habari ya India ya mwaka 2005. MUHURI, shirika la haki za binadamu la Mombasa, waliichukua njia hiyo wakakagua miradi ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneobunge, huko Changamwe mwaka 2007. Na kama mnataka mfano wa serikali yenyewe kukubali macho ya wananchi, tazameni Kaunti ya Makueni chini ya gavana Kivutha Kibwana, ambako wenyeji walichagua kamati za kusimamia miradi yao. Huko nyuma, mwaka 2014, mgogoro wa gavana na wawakilishi wadi ulifikia watu kukusanya sahihi kaunti ivunjwe. Tume iliyoundwa kuchunguza ikapendekeza ivunjwe, Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Ninachoona mimi ni kwamba ule mtikisiko uliwafundisha watu wa Makueni siasa kuliko semina zote, ingawa najua wenzangu kadhaa hawakubaliani nami.

Kuhusu uchaguzi nitasema machache, maana unakuja tarehe 10 Agosti 2027 na kila mtu atakuwa mtaalamu. Kituo kimoja cha kupigia kura hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule moja ya msingi inaweza kuwa na vituo vitano au sita, kila kimoja na sanduku lake na Fomu 34A yake, ile ya matokeo ya urais ya kituo. Kura za urais zikishahesabiwa, mawakala hutia sahihi, hupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa hapo kituoni. Mwaka 2017, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa kwenye eneobunge ni ya mwisho, makao makuu hayawezi kuyageuza. Septemba ya mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, na suala la fomu likiwa katikati ya kesi. Ndipo 2022 picha za fomu kutoka vituo zaidi ya 46,000 zikawekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, mtu yeyote akaweza kujumlisha sebuleni kwake.

Kazi ya kijiji hapo ni ndogo na inawezekana. Gawaneni shule zilizo karibu nanyi, kila mmoja apige picha ya fomu iliyobandikwa, pembe zote nne zionekane, jina na nambari ya kituo zisomeke, kisha mlinganishe na ya kwenye tovuti. Hampigi picha ya kura ya mtu, hamzozani na msimamizi wa kituo. Kabla ya siku hiyo kuna kazi isiyo na sifa yoyote: kuhakikisha jina la bibi yako bado liko kwenye daftari la wapiga kura, na kwenye kituo kilekile. Mtashangaa ni wangapi hugundua wamehamishwa asubuhi ya kura.

Maandamano pia ni haki, kifungu cha 37. Sheria inataka umwarifu OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kwa maandishi, si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla. Ni kuarifu, huombi ruhusa, hata kama ofisa atazungumza kana kwamba unaomba. Nakala yako iwe na muhuri. Akikamatwa mtu, kifungu cha 49 kinampa haki ya kuelezwa sababu na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Nambari ya wakili iandikwe kwa kalamu kwenye mkono, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Yaliyotokea nchini tangu 2024, watu kutekwa na wengine kutoonekana tena, yanatosha kutufundisha kwamba mtu haendi kituoni peke yake hata akiitwa "kwa mazungumzo tu".

Chifu na mzee wa mtaa msiwafanye maadui kabla hawajakuwa. Wengi wao hawajawahi kuiona hiyo BQ pia, na ukimpelekea nakala kabla ya baraza hatakwenda kusikia mambo kwa watu.

Mwisho ni pesa, zinazovunja vikundi kuliko vitisho. Mheshimiwa atajitolea kuwalipia nauli, au kuwanunulia fulana zenye jina la kikundi upande mmoja na lake upande wa pili. Changeni wenyewe, hata kama ni shilingi hamsini, na daftari la hesabu lisomwe kila mkutano kwa sauti, kwa sababu mtu wa kwanza mtakayemkagua atauliza yenu iko wapi. Karibu na 2027 baadhi yenu mtafuatwa muwe mawakala wa wagombea. Ni kazi halali na ina posho. Ukiikubali, jiuzulu kwanza kwenye kamati ya kikundi, kwa barua, na nakala ibaki kwenye faili.