Jibu: Resi au maunteni kwa mbio za graveli? Anza na tairi

Mkuu, heshima kwako. Kama nimekuelewa, una milioni mbili na nusu, unataka kuingia mbio za graveli (mbio za baiskeli kwenye barabara za changarawe) msimu huu, na fundi amekuwekea baiskeli mbili za mtumba uchague: resi (baiskeli ya mbio za lami) ya kaboni yenye breki za rimu, na maunteni (baiskeli ya milimani) ya alumini ya inchi 29 yenye breki za diski. Wengi hapo juu wamekujibu kwa kupima uzito wa fremu. Mimi naanzia chini, kwenye tairi. Chagua kwanza tairi inayoiweza barabara yako, halafu tafuta fremu inayoipokea.

Kwa hiyo resi iache. Resi nyingi za breki za rimu zinagoma ukishavuka tairi ya milimita 28 hivi, na hapo hakuna la kurekebisha. Mimi nafanyia mazoezi upande wa Monduli na Longido, kwenye mawe makali ya volkano na vumbi jepesi linalofunika mashimo. Tairi nyembamba huko lazima uijaze upepo mwingi ili rimu isigonge mawe, na ikishakuwa ngumu inarukaruka. Kila jiwe linakunyanyua wewe na baiskeli yako, na nguvu uliyokanyaga inaishia kwenye kurushwa juu badala ya kwenda mbele. Tairi pana yenye upepo kiasi inabonyea, jiwe linapita chini, wewe unaendelea. Ndiyo maana hata wanaoshinda Ulaya na Marekani wamebadilika. Unbound Gravel ya kule Kansas, ile ya maili 200 (kama kilomita 320) juu ya mawe ya gumegume, zamani watu waliikimbia na milimita 38 au 40. Siku hizi utaona 45 na 50, na wengine wanafunga kabisa tairi za maunteni za inchi 2.1 au 2.2.

Sasa hiyo maunteni. Watu wengi hawajui kwamba rimu ya 29 na rimu ya 700 ya graveli zina kipenyo kimoja pale tairi inapokaa, milimita 622. Maana yake tairi ya graveli ya 45 inaingia, na ya maunteni inaingia, mradi upana wa rimu unaruhusu. Una uhuru ambao mwenye resi hana. Ukienda kuiangalia, zungusha gurudumu la nyuma na uangalie nafasi kati ya tairi na fremu karibu na krenki (pale pedali zinapofungwa), maana ndipo panapobana. Nataka uone angalau milimita 5 kila upande. Shika uma wa mbele, bana breki, sukuma mbele na nyuma. Kama unacheza, jua kuna matengenezo yanakusubiri. Kama uma una springi, uwe na kitufe cha kuifunga kwa ajili ya milima.

Usukani wa resi, ule uliopinda kwenda chini, usihangaike kuuweka. Mikono ya breki ya resi na breki za maunteni mara nyingi hazivuti sawa, utamaliza hela kwa vifaa na bado breki zisishike. Funga pembe mbili ndogo mwishoni mwa usukani ulionao, upate sehemu ya pili ya kushika. Soma tu kanuni za mbio husika kama usukani bapa unaruhusiwa.

Hela inayobaki iweke kwenye tairi za tyubulesi (zisizo na mpira wa ndani) na dawa ya maji ya kuziba pancha. Hapa siongei kwa upole, maana miiba yetu haina mchezo. Mbigili ni mdogo na mwingi, utaokota kadhaa kwa kupita mara moja pembeni ya njia. Kwa tyubulesi unaendelea tu, dawa inaziba. Mwiba wa mgunga ni habari nyingine, ni mrefu na unaingia wote. Ukisikia upepo unatoka, simama, uchomoe, kisha haraka zungusha gurudumu tundu liwe chini ili dawa ilifikie. Hesabu pumzi chache. Kama bado inatoa povu, sukuma kamba ya kuzibia pancha, jaza upepo, ondoka. Mimi naweka mililita 80 hadi 100 kila tairi. Joto letu linaikausha haraka, kwa hiyo kila baada ya miezi miwili fungua uangalie.

Kama rimu za hiyo mtumba hazikutengenezwa kwa tyubulesi, usilazimishe. Upepo utakukimbia kwenye kona. Tumia mpira wa ndani wenye valvu inayofunguka katikati, umimine dawa humo humo.

Upana na meno yanategemea unapokwenda. Barabara kavu iliyoshindiliwa: katikati laini, meno madogo pembeni, 45 inatosha. Mawe yaliyolegea na njia za ng'ombe: inchi 2.1 yenye meno mafupi. Na usinunue nyepesi kuliko zote, ubavu wake ni mwembamba na mawe ya volkano yanauchana, mchano ambao dawa haiuwezi.

Umesema ndoto yako ni Migration Gravel Race kule Maasai Mara, iliyoanza 2021, siku nne na takriban kilomita 650. Huko ogopa mvua zaidi ya mawe. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa unanata kwenye tairi, unajaa kwenye uma, gurudumu linakataa kuzunguka. Hapo tairi iliyobana fremu inakuangusha, na 45 yenye nafasi kubwa ni bora kuliko 2.2 inayogusa. Beba kijiti bapa cha kukwangulia.

Upepo: kwa kilo 65, tairi ya 45 ya tyubulesi anza na PSI (kipimo cha upepo) 28 nyuma na 26 mbele. Ukisikia rimu inagonga, ongeza mbili. Mikono ikifa ganzi kwenye barabara iliyojikunja kama bati, punguza moja. Ukitumia mpira wa ndani, ongeza kama tano.

Gia, kwa kifupi: gia kubwa kuliko zote ya nyuma iwe na meno sawa na ya mbele au zaidi. Mengine ni mazoezi.

Kabla hujalipa, soma namba ya upana iliyobandikwa au kugongwa kwenye rimu, piga picha ya ile nafasi ya nyuma karibu na krenki, uweke hapa. Nitakuambia tairi gani itaingia.