Kabla Hujabonyeza F3 Kwenye Kanzidata ya Watu

Wadogo zangu mlioanza fildi msimu huu, karibuni Mbeya na poleni na baridi. Nawaandikia ninyi mnaotembea na Total Commander, programu ya kusimamia mafaili, kwenye flashi. Mkifika kwa mteja mnafungua folda ya mfumo wake, mnaweka kishale juu ya faili la .db, mnabonyeza Ctrl+Q na, kwa msaada wa plagini (kiongezo cha Total Commander), majedwali yanajitokeza upande wa pili. Njia hiyo ni nzuri na naitetea. Fundi anayehudumia duka la dawa Mwanjelwa asubuhi na ghala la kahawa Mbozi jioni hana muda wa kusakinisha programu nzito kwenye kila kompyuta ya watu. Lakini kila wakija vijana wapya makosa ni yale yale, na yanawaumiza watu ambao hata hawajui kama faili lao liliguswa. Nimechoka kuyarudia kwa mdomo, kwa hiyo yasomeni hapa.

1. Jua plagini uliyonayo ni ya aina gani. WLX ni ya kutazama, ndani ya Lister (dirisha la Total Commander la kusomea mafaili), kwa F3 au Ctrl+Q. WCX inaifungua kanzidata kama inavyofunguliwa zip: unabonyeza Ctrl+PgDn, unaingia, kila jedwali limekaa kama faili, na F5, ya kunakili, inakutolea CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa koma). WFX inakaa kule kwenye viunganishi vya mtandao na ndiyo inayokwenda kwenye seva ya MySQL au PostgreSQL. Tofauti hii ina uzito kwa sababu ndani ya WCX na WFX kitufe cha F8 bado ni cha kufuta. Plagini inayoruhusu kufuta ikipewa F8 na Enter, jedwali zima limeondoka, na huko hakuna kapu la takataka la kwenda kuliokota.

2. Plagini imesakinishwa lakini F3 inaleta herufi zisizosomeka? Kabla hujamlaumu aliyeitengeneza, tazama mwisho wa jina la faili lake. Total Commander ya biti 64 inataka .wlx64, ya biti 32 inataka .wlx, na hakuna inayokubali ya mwenzake. Shida hiyo hiyo iko kwenye faili za Microsoft Access zinazopitia ODBC (njia ya Windows ya kuunganisha programu na kanzidata): dreva na Total Commander lazima viwe vya biti sawa. Hapa Windows yenyewe inachanganya watu, maana odbcad32.exe iliyo ndani ya System32 ni ya biti 64, na ile ya biti 32 iko ndani ya SysWOW64. Nimeona vijana wakimaliza mchana mzima wakiongeza dreva kwenye dirisha lisilo lake.

3. Usiamini jina la faili. Faili linaweza kuitwa .db na lisiwe SQLite (kanzidata ndogo isiyohitaji seva) kabisa, na mifumo mingine huficha SQLite chini ya .dat. Bonyeza F3, kisha namba 3, Lister iende kwenye hex (baiti zikionyeshwa kwa namba za msingi wa 16). SQLite huanza na maneno SQLite format 3. Faili la Access la .mdb lina Standard Jet DB kuanzia baiti ya 4 (hesabu huanza na 0), na .accdb ina Standard ACE DB mahali hapo hapo. Ukikuta mwanzo wote ni vurugu isiyo na neno hata moja, huenda kanzidata imefungwa kwa nywila, na hakuna plagini itakayokusaidia mpaka mwenye mfumo akupe ufunguo.

Ukiwa bado hapo, shusha jicho kwenye mstari wa pili, ule unaoanzia 10. Mara nyingi utasoma hivi:

10 00 02 02 00 40 20 20

Ile 10 00 ni ukubwa wa ukurasa (kipande ambacho kanzidata husoma na kuandika kwa mara moja) kwa hex, yaani baiti 4096. Mbili zinazofuata, baiti ya 18 na ya 19, ndizo nataka mzizoee kama namba zenu za simu. Zikiwa 01 01, kanzidata inatumia jarida la kawaida. Zikiwa 02 02, inatumia WAL (write-ahead log: mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni). Ukishaona 02 02, ondoa mkono kwenye F5 kwanza, usome namba 4.

4. Kanzidata si faili moja. Hapa sitakwenda haraka, kwa sababu ndipo mnapoharibu.

Kando ya kahawa.db mtaona kahawa.db-wal na kahawa.db-shm. Mnayaona hayana ikoni, majina yake ya ajabu, tarehe zake za leo, mnasema ni uchafu wa programu. Si uchafu. Mfumo wa WAL ukiandika kitu, hauandiki kwenye .db moja kwa moja, unaongeza mwishoni mwa -wal. Ni kama karani anayeandika kwenye daftari la mkononi siku nzima na kuhamishia kwenye leja baadaye. Kuhamishia huko hutokea pale -wal inapofika kurasa 1000, ambazo kwa ukurasa wa baiti 4096 ni kama MB 4, au pale programu ya mwisho iliyoshika kanzidata inapofungwa vizuri. Hivyo ndivyo SQLite inavyokuja, isipokuwa mtengenezaji wa mfumo amebadilisha.

Sasa pigeni hesabu ya ghala. Kila upimaji ukigusa kurasa tatu, wakulima zaidi ya 300 wanaweza kupima mzigo wao kabla -wal haijahamishiwa kwenye .db. Na kompyuta nyingi za maghalani hazizimwi, jioni zinafunikwa tu zilale. Programu inabaki wazi siku baada ya siku. Kazi ya siku nzima inaweza kuwa imekaa ndani ya -wal, na .db haina habari nayo.

Kijana anafika, anaweka kishale kwenye kahawa.db, F5, flashi, asante, anaondoka. Ofisini anafungua kwa plagini. Majedwali yapo, rekodi zipo, jumla inapatikana. Hakuna onyo wala dirisha jekundu, kwa sababu .db peke yake ni kanzidata halali kabisa. Ila ni ya kabla. Ripoti inatoka na kilo pungufu. Mama aliyeleta gunia zake saa nane mchana, akapewa stakabadhi yenye namba, hayumo. Chama kikilinganisha ripoti na vitabu vya stakabadhi, wa kwanza kutazamwa vibaya ni karani aliyepima, na karani hakukosea kitu. Anaitwa kujieleza kwa kosa la mtu aliyechagua faili moja badala ya matatu. Hilo ndilo linalonifanya niwe mkali kwenu kwenye jambo hili kuliko mengine yote.

Kosa hilo lina ndugu zake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, -wal inabaki kwenye folda, na programu ikifunguliwa tena inaisoma na kurudisha kila kilichokuwa kimeshathibitishwa. Anayekuja kusafisha folda akaifuta kabla ya hapo amefuta mizigo ya watu. Mwingine anabonyeza Shift+F6 na kuibatiza kahawa.db jina la kahawa_zamani.db: -wal inabaki na jina la kwanza, na vimeachana. Mwingine anafanya baya zaidi, analeta bakapu ya mwezi uliopita na kuiita kahawa.db kando ya -wal ya leo. SQLite itazichukua kurasa za leo na kuzibandika juu ya kanzidata ambayo si yao, na hapo mnatengeneza uharibifu ambao hata bakapu nzuri haikuwa nao.

Walio na 01 01 wasijione salama. Kwao kuna faili la -journal, linalotokea wakati wa kuandika na kuondoka kazi ikiisha. Ndani yake kuna kurasa za zamani kabla hazijabadilishwa. Likibakia baada ya umeme kukatika, ndilo dawa ya kurudisha hali, na ukilifuta, nusu ya mabadiliko inabaki ndani ya .db moja kwa moja.

Na kutazama nako si bure. Plagini ikifungua kanzidata, kwa SQLite hiyo ni programu nyingine imeingia. Ukiifungua iliyoachwa na -wal kisha ukafunga Lister, plagini ikiwa ndiyo ya mwisho kutoka, yenyewe inaweza kuhamisha -wal na kuifuta. Tarehe na ukubwa wa .db vimebadilika, na wewe ulibonyeza F3 tu. Kama faili hilo linasubiriwa na mkaguzi, umeshamharibia. Kwenye 01 01 balaa ni jingine: plagini inayovuta rekodi kidogo kidogo kadiri unavyoshusha huweza kuacha swali (query) wazi, na swali wazi linashika kufuli ya kusoma. Keshia anabonyeza Hifadhi, anaambiwa "database is locked", foleni inarefuka, na wewe uko chumba cha nyuma na Ctrl+Q yako. Kwa hiyo Ctrl+Q haiachwi wazi juu ya kanzidata inayofanya kazi. Wala msifungue kanzidata ya WAL kupitia folda ya mtandao wakati kompyuta ya mwenyewe inaitumia, kwa sababu WAL inategemea kumbukumbu ya pamoja (ndiyo kazi ya -shm) ambayo iko ndani ya kompyuta moja tu.

Njia yenyewe ni hii. Muombe karani, kwa adabu, afunge programu. Subiri, angalia -wal na -shm zimeondoka zenyewe. Zikiondoka, nakili .db. Zisipoondoka ingawa programu zote zimefungwa, bonyeza + ya kwenye numpad, andika kahawa.db*, Enter, kisha F5, mafaili yote yaende pamoja. Kama mfumo haufungiki kwa sababu watu wako kwenye mstari, usinakili kwa F5 kabisa. Tumia sqlite3.exe, programu ya amri ya SQLite, kwenye kompyuta hiyo hiyo:

sqlite3 kahawa.db ".backup E:/kahawa_nakala.db"

Mkwaju uwe huo wa mbele, usikuletee taabu. Kuanzia toleo la 3.27 unaweza pia kutumia VACUUM INTO, ambayo inakupa nakala iliyobanwa. Kisha kwenye nakala endesha PRAGMA integrity_check, amri ya kukagua uzima wa kanzidata, ijibu ok. Halafu fanya kile ambacho hakuna kompyuta itakufanyia: muombe karani kitabu cha stakabadhi, tazama namba ya mwisho aliyotoa, uitafute ndani ya nakala. Ikiwemo, funga flashi yako uondoke.

5. DBF (mafaili ya kanzidata za zamani kama dBase na FoxPro) bado zipo, msizidharau. Kwenye faili hilo rekodi ikifutwa haiondoki, baiti yake ya kwanza inageuzwa kutoka nafasi tupu kuwa nyota, na inakaa hapo mpaka mtu aendeshe PACK, amri ya kuziondoa kabisa. Idadi iliyoandikwa kwenye kichwa cha faili, baiti ya 4 hadi ya 7, inahesabu na zilizofutwa. Plagini ikikuonyesha rekodi nyingi kuliko mfumo, tafuta nyota kwanza. Mafaili ya .fpt au .dbt yanabeba maelezo marefu, yasiachwe nyuma.

Walioko Mafinga kwenye ramani za misitu, hili ni lenu. Shapefile, umbizo la data za ramani, ni .shp, .shx na .dbf, na kinachounganisha umbo na rekodi yake ni mpangilio tu: umbo la tano ni rekodi ya tano. Ukipanga .dbf kwa jina ndani ya plagini na kuhifadhi, kitalu cha misonobari kinapokea jina la kitalu cha mikaratusi, na ramani inafunguka vizuri tu bila kulalamika. Majina ya safu nayo yana mwisho wa herufi 10, kwa hiyo tarehe_ya_kupanda na tarehe_ya_kuvuna zote zinakatika kuwa tarehe_ya_. Anzeni na neno linalotofautisha: kupanda_tr, kuvuna_tr. Na wale wanaotumia GeoPackage, faili la .gpkg ni SQLite, QGIS (programu ya ramani) huliwekea -wal. Rudini namba 4.

6. Namba za simu zinazoanza na sifuri zikifunguliwa kwenye Excel kwa kubofya CSV mara mbili, sifuri inaondoka. Ingiza kupitia menyu ya Data na uitangaze safu hiyo kuwa maandishi. Sifuri ikiwa haipo hata ndani ya plagini, uliza kwa SQL typeof(simu), yaani aina ya data iliyo kwenye safu ya simu. Ikijibu integer, sifuri ilipotea siku rekodi ilipoingizwa na Excel haina kosa.

7. Kwenye seva, usiingie kwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Muombe msimamizi atengeneze mtumiaji wa kusoma tu, kwa GRANT SELECT kwenye kanzidata hiyo moja, basi. Hapo hata F8 ikibonyezwa kwa bahati mbaya, seva yenyewe inakataa. Jedwali kubwa usiliburute lote kwa F5 mchana kweupe, weka LIMIT (kikomo cha idadi ya rekodi) kama plagini inakubali swali lako. Na kagueni faili la .ini la plagini ya WFX: nyingi huandika anwani ya seva, mtumiaji na nywila humo, na nyingine huandika kwa maandishi ya kawaida. Flashi hiyo ikisahaulika kwenye daladala ya kwenda Uyole, usikae ukisubiri kama itarudishwa. Mpigie msimamizi wa seva muda huo huo afute mtumiaji yule na kutengeneza mwingine.