Seva ya wavuti kwenye ESP32: usitegemee waifai ya ukumbini

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Umesema nyumbani seva yako, yaani programu inayotoa ukurasa wa wavuti ndani ya ESP32 (bodi ndogo ya kielektroniki yenye waifai yake), inafunguka vizuri, ila chuoni bodi inakataa kushika waifai, na maonyesho yamebaki wiki mbili. Mimi yalinifika hayohayo Chake Chake, nilipopeleka ESP32 kuonesha unyevu wa udongo wa miche ya mikarafuu.

Waifai ya chuo achana nayo kabisa. Mitandao mingi ya namna hiyo inataka kwanza ujaze jina na nywila kwenye ukurasa wake, na bodi haina pa kujazia. Mingine huzuia vifaa visionane, basi hata bodi ikipata anwani, simu ya mgeni haiifikii. Tena ESP32 ya kawaida inashika 2.4 GHz tu. Ruta ikirusha 5 GHz peke yake, bodi haiioni. Mimi asubuhi nzima iliniishia kwenye kubadilisha nywila, na kosa halikuwa kwenye nywila.

Iache bodi yenyewe irushe hotspoti kwa WiFi.softAP, amri unayoiandika kwenye programu ya bodi. Nywila isipungue herufi 8, ikipungua hotspoti haiinuki. Simu ikishaungana, andika http://192.168.4.1 kwa ukamilifu. Hiyo http usiiache, maana vivinjari vya siku hizi hukimbilia https, na seva yako inasikiliza mlango wa 80 tu, ambao ni wa http.

Sasa hapa ndipo maonyesho mengi yanapoharibika. Simu ikiona waifai haina intaneti, inarudi kwenye bando kimyakimya. Ukurasa haufunguki, na mgeni anaondoka akiamini kazi yako ni mbovu. Ongeza maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa) ya DNSServer ili bodi ijibu kila jina la tovuti kwa anwani yake yenyewe. Simu nyingi zitaufungua ukurasa bila kuandika kitu. Hata hivyo mimi niliweka mezani simu mbili nilizokwishaziunganisha, data nimezima. Bila kubadilisha mpangilio, hotspoti ya bodi hupokea vifaa 4 tu, kwa hiyo usiwakaribishe ukumbi mzima waungane. Alikuja mzee mmoja mwenye mikarafuu yake, nikampa simu mkononi na kikombe cha maji. Alimimina kwenye kopo la mche, akaona asilimia inapanda palepale, akaita wenziwe. Hicho ndicho unachokitafuta, mtu aone kwa mkono wake.

Ukurasa wote ukae ndani ya bodi. Grafu yangu ilikuwa inavuta maktaba yake kutoka intaneti. Nyumbani ilipendeza, kwenye hotspoti yakabaki maandishi matupu. Mafaili yote yaweke LittleFS, yaani hifadhi ya mafaili iliyo kwenye flashi, kumbukumbu ya bodi yenyewe. Bodi nyingi zina flashi ya 4 MB, inatosha ukiepuka picha kubwa.

Lililonitesa kuliko yote ni pini. Sensa niliitia pini 27, nikaijaribu peke yake, namba safi. Nilipowasha waifai, namba zikaganda. Nikabadilisha sensa, nikabadilisha waya, wapi! Bodi ina sehemu mbili zinazogeuza volti ya sensa kuwa namba, ADC1 na ADC2. Pini 27 iko upande wa ADC2, na ADC2 hutumiwa na waifai. Sensa yoyote ya analogi, yaani inayotoa volti ya kupanda na kushuka, itie kwenye ADC1, yaani pini 32 hadi 36 na 39. Nilihamia 34, ikasoma hapohapo. Na sensa ipe volti 3.3, kwa sababu pini za bodi hii hazistahimili 5. Ukitumia sensa ya unyevu ya aina ya kapasiti kama yangu, namba hushuka udongo ukilowa. Ipime kavu, kisha ndani ya gilasi ya maji, upate mipaka yako miwili ya kufanyia asilimia.

Kuhusu umeme: bodi ikijizima na kujiwasha kila waifai inapoanza, na kwenye serial (maandishi ambayo bodi huyatuma kwenye kompyuta kwa waya wa USB) ukaona neno brownout, yaani umeme umeshuka mno, badilisha waya wa USB kabla hujagusa programu. Pawabenki nayo ijaribu saa nzima, kwani nyingine hujizima zikiona bodi inakula umeme kidogo.

Leo usiku jaribu hotspoti peke yake, ukurasa wenye neno moja tu. Ikikukatalia, weka hapa picha ya nyaya zako na maandishi yote ya serial, kasi 115200, tuyatizame pamoja.