Maswali Yenu: Kuwinda Kulungu wa Jangwani na Washkaji Kila Mwaka

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa ndugu zetu walioko Arizona na jirani zake, na zote zinauliza habari za ile safari ya kila mwaka ya kuwinda kulungu jangwani. Naona ndugu zetu wengi, hasa Wakongo waliohamia Phoenix na Tucson, wameanza kualikwa na wenzao wa kazini. Hii kitu naipenda sana kwahiyo leo nitaongea kidogo, mnivumilie.

SWALI (Phoenix): *Kaka habari za kazi. Mimi nafanya kazi ghalani, wenzangu kila mwaka mwezi wa 11 wanaenda jangwani kuwinda kulungu, wanalala kwenye mahema siku kadhaa. Mwaka huu wameniambia twende. Bunduki sijawahi kushika, tagi (kile kibali cha kupiga mnyama mmoja) sina, si nitakuwa mzigo tu? Na huko jangwani kulungu anakula nini jamani?*

JIBU: Nenda kaka. Nenda bila wasiwasi maana mtu asiye na tagi ndo mtu wanayemhitaji kuliko unavyodhani.

Nikueleze huyu mnyama kwanza. Ni kulungu anaitwa myuldia, mkubwa, masikio mapana marefu, pembe za dume zinagawanyika mara mbili halafu kila tawi linagawanyika tena. Wa jangwani wanaishi Arizona, New Mexico, magharibi mwa Texas na kushuka Mexico mpaka Sonora na Chihuahua. Anakula majani ya vichaka kama jojoba, matunda ya kaktasi, maganda ya meskiti (ule mti ni ndugu kabisa wa mathenge wanaoulalamikia watu wa Baringo na Turkana), kwahiyo chakula kipo ila kimetawanyika, na kwa vile kimetawanyika kulungu nao wametawanyika, unaweza kukaa kutwa nzima unaangalia bonde kubwa usione hata sikio. Hapo ndo unapoingia wewe. Kuwinda kule ni macho. Mnapanda kilima kabla hakujapambazuka, darubini inafungwa kwenye stendi ya miguu mitatu ili isitikisike, mnagawana eneo, wewe makorongo ya kushoto, yule vichaka vya kulia, mnaangalia taratibu kichaka kwa kichaka. Asubuhi wanakula, jua likipanda wanalala chini ya miti ya palo verde na hapo watu wengi wanakata tamaa wanarudi kambini kunywa kahawa. Usirudi. Jua likisogea na kivuli kinasogea, dume analazimika kuamka ahamie upande wenye kivuli, anaamka dakika moja mbili tu kisha analala tena, na hiyo dakika moja ndo siku nzima yenu. Nimeona madume wengi wakionwa saa sita mchana na mtu ambaye hana hata bunduki.

Ila sikiliza, bila tagi hupigi. Hata rafiki akikwambia "shika piga wewe nitaweka tagi yangu" unakataa, ni kosa la jinai Arizona, tagi ni ya aliyepiga na inafungwa kwenye mnyama palepale. Kuangalia, kubeba nyama, kupika, hayo ruksa.

Jifunze pia kutofautisha, maana Arizona kuna kulungu wengine wadogo wanaitwa Coues, hao ni wa milimani zaidi, mkia mpana wanauinua juu mweupe wakikimbia. Myuldia mkia mwembamba una ncha nyeusi na akishtuka anaruka kwa miguu yote minne kwa pamoja kama swala tomi wa Serengeti. Kuna tagi zinazoruhusu kulungu wa aina moja tu kati ya hizo mbili, ukimwambia mwenzako "piga yule" kumbe ni aina nyingine umemtia kwenye matatizo makubwa.

Vitu vya kubeba: maji, lita nne kwa mtu kwa siku usipunguze hata kama mwezi wa 11. Jaketi nzito, mchana utatoka jasho usiku utatetemeka. Na kitana, kile cha kuchania nywele, kuna kaktasi inaitwa cholla vipande vyake vinakurukia mguuni na ukivuta kwa mkono vinahamia mkononi, unapitisha kitana chini yake unakirusha mbali. Watu wanacheka wakiambiwa, wakichomwa mara moja wanakuja kukuazima.

SWALI (Tucson): *Anko, sisi ni kundi la watu wanne tumeenda pamoja miaka mingi, sasa tumegombana. Mmoja ana pointi nyingi za droo anasema hataki tena kuomba na sisi. Mwaka jana alipata dume akabeba nyama yote na pembe, sisi tuliosaidia kubeba tukapewa kimguu kimoja. Na mwingine anataka tutege kamera kwenye maji ili tusihangaike. Je tuachane?*

JIBU: Msiachane bwana, kundi lililodumu miaka halivunjwi kwa ajili ya kulungu mmoja. Lakini hapo kuna mambo matatu mmeyachanganya, tuyatenganishe.

La pointi (zile unazoongezewa kila mwaka unaoomba tagi ukakosa), huyo mwenzenu msimuonee. Arizona tagi nyingi za bunduki zinatoka kwa droo, maombi yanafungwa mwanzoni mwa Juni, mnaweza kuomba hadi watu wanne kwa fomu moja na mkipata mnapata wote mkikosa mnakosa wote. Shida ni kwamba pointi zenu zinajumlishwa zinachukuliwa wastani. Mwenye 12 akiomba na watatu wenye 2 kila mmoja, wastani ni 4 na nusu, unapandishwa, wote mnahesabiwa kama watu wenye 5 tu, yaani miaka yake yote ya kusubiri imeyeyuka, na asilimia 20 ya tagi zinatolewa kwanza kwa wenye pointi nyingi kwahiyo anajiengua mwenyewe kwenye ile foleni ya mbele. Na akipata tagi pointi nyingi zinafutwa, zinabaki ile ya uaminifu (ya kuomba miaka mfululizo) na ile ya kozi ya uwindaji. Mimi nawashauri hivi: kwa maeneo magumu kupata kila mtu aombe peke yake, kwa maeneo rahisi ombeni pamoja, na yeyote atakayepata wengine wanaenda kumsaidia. Safari inabaki ya wote hata tagi ikiwa moja. Na wale ambao hawajafanya kozi ya uwindaji wafanye, inaleta pointi ya kudumu, mnaiacha kwa uvivu tu.

Halafu kuna mlango mwingine, upinde. Tagi za upinde kwa maeneo mengi zinanunuliwa moja kwa moja bila droo, na mwezi wa kwanza ndo wakati mtamu kuliko wote maana kulungu wa jangwani wanapandana kuchelewa, Desemba mpaka Januari, madume wanazunguka mchana kutwa wanafuata majike hawajali chochote. Siku hizi kila eneo lina kikomo cha idadi, kikifika linafungwa, na ukipata lazima uripoti ndani ya saa 48. Kumkaribia myuldia jangwani kwa upinde ni kazi ngumu sana, nakwambia ukweli, lakini kundi lenu litaenda kila mwaka bila kusubiri droo.

La nyama, hapo niko na nyinyi kabisa na sioni aibu kusema. Mtu aliyekaa juani siku nne anakuangalizia, akabeba paja mgongoni gizani kilomita kadhaa kwenye mawe, huwezi kumpa kimguu. Dume mkubwa akitolewa mifupa anaweza kutoa kilo kama 30, hizo zinatosha watu wanne. Kundi langu tunagawa sawa kwa kila aliyekuwepo, hata aliyepika tu, pembe na kichwa ni za mwenye tagi, basi. Mnakubaliana hivyo mwezi wa tano kabla ya kuomba droo, siyo usiku ule mmechoka mmenuniana. Na nyama ikigawanywa kila mtu aende na maandishi yenye sahihi na namba ya leseni na tagi ya aliyepiga, afisa akikusimamisha barabarani unaonyesha. Kuuza msithubutu, nyama ya mnyamapori Marekani haiuzwi, hata kwa jirani, hata kidogo.

Pesa pia semeni mapema, mafuta, barafu, tairi. Ile gari inayoingia kwenye njia za mawe ndo inayochubuka rangi na kutoboka tairi, mwenye gari asichangie mafuta, naona ni haki.

La kamera ni rahisi, jibu ni hapana. Tangu Januari 2022 Arizona imepiga marufuku kamera za kutega kwa ajili ya kuwinda. Na kambi msipige karibu na maji, sheria inasema robo maili, maana wanyama wa kule wana kisima kimoja na nyinyi mkiweka hema pale wanalala na kiu. Mwambieni mwenzenu kwa upole lakini mwambieni.

SWALI (Mesa): *Asalaam aleikum. Mume wangu anaenda na rafiki zake kila mwaka, wenzake si Waislamu. Je nyama anayoleta ni halali? Na mbona ina harufu kali, watoto hawaili?*

JIBU: Waaleikum salaam dada. Kulungu mwenyewe ni mnyama halali, hakuna ubishi. Masheikh wengi wa sasa wanasema Muislamu akitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati anapiga, risasi ikatoboa mnyama akafa kabla hajamfikia, ni halali, akimkuta bado yuko hai inabidi amchinje. Kwahiyo swali la kumuuliza shemeji ni nani alipiga na alisema nini. Kama alipiga mwenzake na yeye kaletewa fungu lake, hapo masheikh wanatofautiana, muulize wa msikiti wenu, mwelezee vizuri usimfiche kitu.

Harufu sasa, hiyo mara nyingi inaanzia porini. Jangwani mwezi wa 11 mchana bado joto, mnyama anatakiwa achunwe harakaharaka, atundikwe kivulini kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, halafu kwenye boksi la barafu bila kulowa maji. Nyama ya paja karibu na mfupa ndo inaanza kuharibika kwanza kwa sababu joto limejificha ndani, mwambie autoe ule mfupa mapema. Wewe jikoni toa mafuta yote meupe, yote, mafuta ya kulungu siyo kama ya mbuzi, yanaganda mdomoni na ndo yenye ile ladha kali. Minofu ya mgongoni fanya mishkaki, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, moto mkali na usikaushe. Miguu ipike pilau taratibu na ongeza mafuta ya kupikia kwa sababu nyama yenyewe haina. Kama ana risasi za shaba badala ya zile za madini ya risasi ni bora zaidi kwa watoto, na nyama iliyozunguka jeraha ikatwe itupwe.

Na dada, kama unatamani kwenda, mwambie. Kuna wanawake wengi wenye tagi zao kule.

SWALI (Arusha): *Hawa Wamarekani wanasema kuwinda kunalinda wanyama. Hiyo inaingia akilini kweli?*

JIBU: Kwa kule inaingia, kwa sababu pesa unaiona inakokwenda. Tangu sheria ya 1937 inayoitwa Pittman-Robertson, kila bunduki ndefu na risasi vinatozwa kodi ya asilimia 11 kiwandani, na hiyo pesa inarudi kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori, ukijumlisha na leseni na tagi. Ndo inayolipia wataalamu wanaohesabu kulungu kwa ndege na yale matangi ya maji jangwani ambayo hata ndege, mbweha na kobe wanakunywa. Idadi ya tagi inapangwa kila mwaka kwa hesabu hiyo, mvua ikigoma inaweza kupunguzwa. Kenya walifunga uwindaji 1977, Tanzania tunaruhusu kwa vibali chini ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori), kila nchi ina sababu zake na mimi sisemi wa kule ndo wenye akili. Ninachokipenda kwao ni kwamba mtu wa ghalani, fundi bomba, mwalimu, wote wanaweza kuwinda kwenye ardhi ya umma kwa bei ya leseni. Kwetu mwananchi wa kawaida anaishia kuwasikia tu watalii.

SWALI (El Paso): *Niko kwa viza ya mwanafunzi, rafiki zangu wamekodi sehemu kwenye ranchi hapa Texas magharibi, wanataka twende wote. Naruhusiwa kushika bunduki?*

JIBU: Mdogo wangu umefanya vizuri kuuliza kabla. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda, ya masomo, kazi au utalii, kuwa na bunduki au risasi, lakini inamuachia mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kwahiyo leseni kwanza, mkononi, ndo uguse bunduki, hata ya kuazima, hata kujaribu shabaha. Wenye kadi ya kijani hawana shida hiyo. Asiye na karatasi kabisa asiguse hata dakika moja, leseni haimsaidii, na kesi yake inaweza kumrudisha nyumbani. Texas pia aliyezaliwa baada ya mwanzo wa Septemba 1971 anatakiwa kuwa na kozi ya uwindaji, ifanye mapema. Kabla ya safari lipia saa moja ya wakili wa uhamiaji umuonyeshe karatasi zako.

Na huko kwenu kuna ule ugonjwa wa kulungu unaokula ubongo, uligunduliwa Colorado 1967 na Texas ulionekana 2012 kwenye milima ya Hueco, hapo hapo karibu na wewe. Haijathibitika kumpata binadamu lakini inashauriwa mnyama apimwe na akikutwa nao asiliwe. Kichwa na uti wa mgongo msivuke navyo kwenda jimbo jingine, nyama isiyo na mfupa iliyofungwa vizuri inatosha. Mkipeleka sampuli subirini majibu kwanza, nyama ikae kwenye friza ikiwa imeandikwa ni ya mnyama yupi, msizichanganye.