Maswali na Majibu: Mkondo Unaozisogeza Nyutrino

*Assalaamu alaykum, Mwalimu. Nimesikia kuwa nyutrino za jua, zile chembe ndogo mno zisizo na chaji ya umeme, zinapita mwilini mwetu hata usiku. Vipi, ilhali jua limekwishatua? (Mwanafunzi wa skuli, Wete)*

Waalaykumu salaam, mwanangu. Tazama ukucha wa kidole chako gumba: eneo la sentimita moja ya mraba hupenywa na nyutrino za jua zipatazo bilioni 65 katika kila sekunde. Usiku huivuka dunia nzima na kukufikia kwa chini, zikipita sakafu, kitanda na godoro, na takriban zote hazigusi chochote.

*Kama hazigusi kitu, huo mwingiliano usio wa kawaida unaosemwa, yaani kani mpya inayodhaniwa kuzigusa nyutrino, utatokea wapi? (Mwalimu wa fizikia, Mkoani)*

Hapo ndipo penye uzito, mwalimu mwenzangu. Nyutrino ziko aina tatu, ya elektroni, ya muoni na ya tau, nazo hubadilika aina zikiwa safarini, kama ulivyoonyesha mtambo wa Super-Kamiokande wa Japani mwaka 1998. Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1978, mwanafizikia wa Marekani Lincoln Wolfenstein alikwishaeleza kuwa maada inayopitiwa nazo ina athari katika mabadiliko hayo. Mfikirie nahodha wa ngalawa anayevuka mkondo wa Pemba: maji hayampigi dharuba wala hayamgeuzi ghafla, bali humsogeza kidogo kidogo, hata anapoiona pwani hujikuta mbali na pale alipokusudia. Elektroni zilizomo ardhini huifanyia nyutrino ya elektroni vivyo hivyo, na nguvu ya mkondo huo tunaijua kwa hesabu ya kani dhaifu, mojawapo ya kani nne za msingi za maumbile. Wanaounda nadharia hizi wanauliza iwapo upo mkondo wa pili, utokanao na kani tusiyoijua, unaozigusa hata aina nyengine au kuzichanganya. Ukubwa wake huandikwa kwa herufi ya Kigiriki epsiloni: epsiloni ya 0.1 ni sehemu moja katika kumi ya nguvu ya kani dhaifu.

*Kwa nini wataalamu wasiiongeze tu hiyo kani mpya katika hesabu? (Msomaji, Mkunazini)*

Kuiongeza karatasini ni rahisi, ndugu yangu. Kuiongeza bila ya kuharibu kilichokwishathibitika ndiyo kazi. Katika Modeli Sanifu, nadharia kuu ya chembe za msingi, kila nyutrino ina pacha wake mwenye chaji (elektroni, muoni au tau), kwa hiyo kani iletwayo na chembe nzito ikiigusa nyutrino, kwa kawaida humgusa na pacha. Hapo tungetarajia, kwa mfano, muoni ivunjike na kuwa elektroni mbili na pozitroni moja (elektroni yenye chaji chanya) pekee, jambo lililotafutwa kwa usahihi mkubwa na halijaonekana. Ndiyo maana binafsi naziona modeli za chembe mbebaji nyepesi, yaani chembe inayoibeba kani hiyo mpya, kuwa na matumaini zaidi: mkondo huathiri nyutrino inayosonga mbele bila ya kuparaza kitu, hivyo chembe nyepesi inayoshikamana kwa udhaifu mkubwa yaweza kuleta epsiloni ya kuonekana, huku ikijificha katika migongano mikali. Hata hizo zimeanza kubanwa. Mwaka 2017 jaribio la COHERENT, kwa fuwele za iodidi ya sizi (cesium) zenye kilo 14.6 tu, lilipima kwa mara ya kwanza nyutrino ikikisukuma kiini kizima cha atomu, na kipimo hicho kimezifuta modeli kadhaa.

*Je, dalili yoyote imeonekana? (Msomaji, Tumbatu)*

Uthibitisho haupo. Mwaka 2020 majaribio mawili, T2K la Japani lenye masafa ya kilomita 295 na NOvA la Marekani lenye kilomita 810, yalitoa matokeo yasiyolingana vyema kuhusu tofauti ya mwenendo wa nyutrino na antinyutrino (chembe kinyume chake), na baadhi ya wananadharia wakapendekeza kuwa mkondo wa pili ndio sababu, kwa vile nyutrino za NOvA hupita kwenye mwamba mrefu zaidi. Nakuomba usilipokee hilo kama ugunduzi, kwani hitilafu ni ndogo na yaweza kuwa ya kubahatika. Lakini nalijali sana swali lenyewe, kwa sababu mkondo tusioujua unaweza kutufanya tusome vibaya tofauti hiyo, na tofauti hiyo huenda inahusiana na sababu ya ulimwengu kujaa maada badala ya antimaada. Dawa yake ni kupima kwa masafa mbalimbali: DUNE, linalojengwa Marekani, litazipitisha nyutrino kilomita 1,300 ardhini, na JUNO la China, lililoanza kukusanya data mwaka 2025, linapima nyutrino za vinu vya nyuklia kwa kilomita 53 hivi tu, masafa ambayo mkondo ni hafifu sana.