Mbwa mzee aliyeachwa: kabla hujasema ni uzee, mpime damu

Mtoa mada, umeuliza umfanyeje mbwa mzee uliyemkuta kwenye nyumba uliyopanga Kiloleni, kaachwa na mpangaji aliyehamishwa, na jirani anakushauri umtafutie sumu yaishe. Nakujibu kwa niliyoyapitia, maana uani kwangu hapa Isevya wameshapita tisa wa namna hiyo. Tabora ni mji wa uhamisho. Reli yenyewe inaachana hapa, moja Mwanza, moja Kigoma. Mtumishi akipata barua hubeba kitanda, friji na hata kuku, mbwa anabaki getini anasubiri. Akiwa mdogo atachukuliwa siku hiyohiyo. Mzee hana wa kumtaka.

Tatizo letu ni hilo neno "mzee", tunalipachika kwenye kila kitu. Haoni, mzee huyo. Hataki kula, mzee huyo. Mbwa wangu wa tatu, dume jekundu niliyempa jina la Kamanda, alikuja na macho yenye ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Alikuwa anagonga ndoo, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Nikajiambia mtoto wa jicho, basi, nimlishe tu afe ameshiba. Kijana mmoja wa mifugo alipomwona akauliza kitu kimoja: huyu kabla ya hapa alikuwa anaishi wapi? Nikaulizia, nikaambiwa mwenye mbwa alikuwa akienda naye porini upande wa Sikonge kukagua mizinga ya nyuki.

Akamtoboa sikio kwa sindano, tone likapakwa kwenye kioo, likaenda kwenye darubini. Nagana. Ugonjwa unaoletwa na mbung'o wa porini, ndugu yake malale ya binadamu. Kwa mbwa huleta homa, humaliza damu, na huweka ukungu mbele ya jicho. Ukungu wa uzee wenyewe huwa ndani ya mboni, wa buluu hafifu, na mbwa bado anakwepa ndoo. Kamanda alichomwa sindano kwa kipimo cha uzito wake, na hapo usijifanye daktari, dawa ile ikizidi inamwingia mbwa ubongoni. Wiki ya tatu nilimwona kasimama karibu na bomba, kichwa kinamfuata kipepeo. Jicho la kushoto halikurudi lote, lakini kipepeo alimwona.

Kupe nao wana lao. Mbwa anayetoka damu puani na fizi zake nyeupe, usimwambie mtu ni uzee, kamtafutie kipimo.

Kabla ya hayo yote kuna kichaa cha mbwa, na hapo sina utani. Mbwa usiyejua historia yake mweke peke yake, mbali na watoto, na achanjwe mapema. Chanjo haimponyi ambaye tayari ameshaambukizwa, kwa hiyo endelea kumwangalia kwa miezi kadhaa. Akianza kudondosha mate, kuyumba au kubadilika ghafla, usimguse, ita watu wa mifugo. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Chakula: aliyekaa na njaa usimjaze. Mimi hupika ugali laini wa dona, mchuzi wa dagaa bila chumvi wala kitunguu, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Mbwa mwenye magego mabovu anameza bila kutafuna, kwa hiyo dagaa nawasaga. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka kama vijiti.

Sasa nikuambie nililolikosea. Mbwa wa tano, jike, asubuhi alikuwa anainuka kwa awamu: miguu ya mbele kwanza, anangoja, anahema, kisha anajivuta nyuma kama bibi anayetafuta mkongojo wake. Nikamhurumia. Nilikuwa na vidonge vya diklofenaki nilivyoandikiwa mimi kwa mgongo, nikampa kimoja kwenye dagaa, kesho yake kingine. Siku ya tatu alitapika damu, jioni hakuwepo. Dawa za maumivu za watu zinachoma tumbo na figo za mbwa. Hakufa kwa uzee, nilimuua mimi kwa huruma. Siku hizi nawatandikia magunia mawili yaliyojazwa pumba za mpunga wasilale kwenye saruji, natembea nao taratibu asubuhi kabla ya jua, na dawa naachia mwenye ujuzi. Vidonda vya viwiko, vile vya kulala pagumu, nasafisha kwa maji ya chumvi na kupaka asali yetu, tena ile mbichi isiyochanganywa na sukari. Kazi ni kumzuia asiilambe.

Kumpatia mtu wa kumchukua, hapo ndipo watu wanakata tamaa. Usimnadi kama mbwa mkali wa ulinzi, atarudishwa wiki hiyohiyo. Sema ukweli: ana miaka mingi, jicho moja halioni vizuri, anakula laini. Kisha sema na mazuri yake, maana yapo. Hachimbi bustani, hakimbizi kuku, na habweki kila pikipiki ikipita. Akibweka, toka nje ukaangalie.

Kamanda alichukuliwa na mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo hapahapa Tabora, mjane, Mwislamu wa swala tano. Majirani walidhani atakataa kwa sababu ya najisi. Akaniambia, "Mwanangu, wa kulinda anaruhusiwa, ila ndani haingii." Akamtengea bakuli lake, na chombo kikilambwa kwa bahati mbaya kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wanakaa chini ya mwembe jioni, kila mmoja na upande wake. Nilipita mwezi uliopita, Kamanda akanibwekea kama mwizi.

Kwa hiyo huyo wako mpe wiki moja ya kutulia, halafu apimwe damu. Na jaribu kuuliza majirani mpangaji yule alikuwa anakwenda naye wapi.