Ofisi kubwa au ndogo kwa mafunzo ya vitendo?
Umeuliza uombe ofisi kubwa ya usanifu majengo au ndogo, nawe ndiyo kwanza unamaliza mwaka wa tatu. Mimi ningeenda ndogo. Kubwa jina lake litapendeza kwenye wasifu wako, sikatai, ila unaweza kumaliza miezi 3 ukichora ngazi na vyoo vya jengo lilelile. Kwenye ofisi ya watu 5 au 6 utamwona mteja akibadili mawazo, utaenda saiti, utaona fundi anavyousoma mchoro wako (na anavyoukosoa, jiandae).

Kazi zako za kuonyesha unapoomba nafasi: kurasa 10 hadi 15 zinatosha, faili moja la PDF lisilo zito. Usijaze tu picha zinazong'aa za majengo zilizotengenezwa kwa kompyuta. Weka angalau mchoro mmoja wa mkato wa ukuta (ukuta ukionyeshwa kama umekatwa wima) kwa skeli ya 1:20 (sentimita 1 ya mchoro ni sentimita 20 za jengo), kuanzia msingi hadi paa, maana hapo ndipo watu wa ofisi wanapojua kama unaelewa jengo linavyojengwa. AutoCAD au Revit, programu za kuchorea majengo kwenye kompyuta, ijue moja vizuri.

Halafu kabla hujakubali, uliza nani atakusimamia na kama chuo chako kitaikubali saini yake kwa mafunzo yako.